Si Kila Mchanga wa Malindi Unafaa Kwenye Tangi la Samaki

Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30 linameza kilo 14 hivi za mchanga ili tandiko la chini lifike kimo cha sentimita 5. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha zidisha kwa 1.6, maana lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo moja na nusu na kidogo. Kununua kiasi hicho kwa vifuko vya duka la samaki wa mapambo, kisha kulipia mzigo hadi Malindi au kuuvusha kwa boti hadi Lamu, ni gharama inayomfanya mtu aangalie kilicho karibu: mchanga wa ujenzi, mchanga wa ufuoni, vigae vilivyovunjika, mchanga wa choo cha paka, hata tope la mikoko.

Baadhi ya vitu hivyo ni bora kuliko vya dukani. Vingine vitakuulia samaki. Kwa macho havitofautiki, ila siki, chupa chache na wiki moja ya subira vitakuambia.

Chokaa kwanza

Mahali pengine mtu anayetafuta tandiko huanza kwa kuuliza rangi au ukubwa wa punje. Pwani hii swali la kwanza ni chokaa. Malindi imekaa juu ya matumbawe ya kale. Ndiyo yaliyojenga kuta za magofu ya Gede, na ndiyo mawe yanayochongwa hadi leo kwa nyumba za kawaida. Kokoto nyingi zinazouzwa mjini ni matumbawe yaliyopondwa, na mchanga mweupe wa ufuoni ni mabaki ya makombe na matumbawe yaliyosagwa na mawimbi. Vyote hivi ni kalsiamu kaboneti.

Ndani ya maji, kaboni dioksidi inayotokana na pumzi ya samaki na uozo wa chakula hutengeneza asidi hafifu. Asidi hiyo huila kalsiamu kaboneti polepole na kuacha kalsiamu na bikaboneti majini. Kalsiamu huongeza ugumu wa jumla (GH), bikaboneti huongeza ugumu wa kaboneti (KH), na pH hupanda hadi 8 au zaidi kidogo. Maji yakishashiba, uyeyukaji husimama karibu kabisa.

Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Maji magumu ya kisima hayana njaa ya chokaa, na mchanga wa matumbawe hautayabadilisha sana. Maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye tangi la plastiki yana njaa kali. Kwa hiyo mchanga mmoja unaweza kuonekana mtulivu kwa jirani na mkorofi kwako, na nyote wawili mkawa mmepima sawasawa. (Maji ya mvua yaliyokaa ndani ya jabia la Lamu lililosakafiwa kwa chokaa nayo yameshaonja chokaa, hivyo usiyahesabu kuwa maji laini kabla ya kuyapima.)

Wala chokaa si sumu. Gapi, molli na siklidi wa Ziwa Malawi na Tanganyika wanastawi katika maji magumu, na kwao tandiko la matumbawe ni faida: bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitreti hula KH kila siku, na chokaa huirudisha. Wanaoteseka ni samaki wa maji laini ya Amazoni, kama neon tetra na diskasi. Chagua samaki kwanza, ndipo umhukumu mchanga.

Malindi ina bahati moja ambayo Lamu haina: Mto Sabaki. Maji yake yanatoka mbali bara, yakiitwa Athi, kisha Galana, na yanabeba mchanga wa kwatzi ambao hauyeyuki. Ndiyo sababu mchanga wa ujenzi unaotoka mtoni unaweza kufaa pale ambapo wa ufuoni haufai. Lakini lori halina kitambulisho. Mchanga ulioitwa "wa mto" unaweza kuwa umechotwa karibu na mdomo, umechanganyika na makombe na chumvi, kwa hiyo pima kila mzigo upya.

Siki, na namna inavyodanganya

Kipimo kinachojulikana ni kumimina siki juu ya mchanga na kutazama povu. Ni kizuri, ila kina mitego.

Mtego wa kwanza ni hewa. Kigae, tofali la kuchoma au mkaa mkavu una matundu yaliyojaa hewa, na kimiminika chochote kikiingia, hewa hutoka kwa viputo. Mtu huona viputo akasema kuna chokaa. Loweka kwanza kwa maji ya kawaida hadi viputo viishe, mwaga maji, ndipo utie siki. Povu la chokaa halikosewi: viputo vidogo vidogo vinatoka palepale kwenye punje, vinaendelea kwa dakika kadhaa, na ukiongeza siki vinafufuka.

Mtego wa pili ni nguvu ya siki. Tumia siki nyeupe ya asilimia 5, isiyozimuliwa. Ndimu iliyokamuliwa inafanya kazi vilevile. Asidi ya betri usiiguse: mbali na kuunguza ngozi na macho, ni asidi ya salfuriki, na ikikutana na chokaa huivika kila punje ngozi ya jasi. Povu hukatika mapema, nawe unaridhika kwamba mchanga ni salama kumbe bado.

Mtego wa tatu ni kipimo cha ndiyo au hapana. Punje tatu za kombe ndani ya kikombe cha kwatzi zitatoa povu, lakini hazitafanya lolote la maana tangini. Unachotaka kujua ni kiasi. Pima gramu 20 za mchanga uliooshwa na kukauka kabisa, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja au, bora zaidi, sehemu ya kumi ya gramu. Utie ndani ya chupa ya mdomo mpana, mimina mililita 500 za siki, usikaze kifuniko kwa sababu gesi inatoka. Tikisa kila baada ya saa kadhaa. Kesho yake mwaga, suuza mara tatu bila kupoteza punje, anika hadi ikauke, pima tena. Zikibaki gramu 19, chokaa ilikuwa asilimia 5. Zikibaki 8, ilikuwa asilimia 60.

Kwa nini siki nyingi hivyo kwa mchanga kiduchu? Lita moja ya siki ya asilimia 5 haiwezi kuyeyusha zaidi ya gramu 40 hivi za kalsiamu kaboneti. Nusu lita ina uwezo wa gramu 20, yaani hata kama mchanga wote ni matumbawe, siki inatosha. Ukitia siki kijiko kimoja juu ya konzi ya mchanga, inakwisha nguvu kabla ya chokaa kwisha, na matokeo hayana maana.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali linaloulizwa sana: je, mchanga wa ufuoni unaweza kuoshwa kwa siki hadi chokaa iishe? Chukua kilo 14 zenye asilimia 30 ya chokaa. Hiyo ni kilo 4.2, na itakula zaidi ya lita 100 za siki. Nunua mchanga mwingine.

Chupa, wiki moja

Siki inaonyesha chokaa peke yake. Chumvi, dawa, mafuta na mbolea haviko katika habari zake. Hapo ndipo kipimo cha kuloweka kinapoingia, nacho hakihitaji maabara: chupa nne safi za plastiki za lita moja zilizokatwa midomo, kifaa cha kalamu cha kupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka (TDS), na dawa ya matone ya kupima KH. Karatasi za pH zinasaidia, ila katika maji ya mvua husomeka vibaya kwa sababu maji hayo hayana cha kushikilia pH. KH na TDS ndizo za kutegemewa.

Chupa ya kwanza: gramu 200 za tandiko na mililita 400 za maji ya mvua. Ya pili: gramu 200 nyingine za tandiko hilohilo na mililita 400 za maji utakayotumia tangini, yawe ya bomba au ya kisima. Ya tatu na ya nne: maji hayohayo mawili bila tandiko. Hizi mbili za mwisho ndizo watu huziacha, na bila hizo hujui kama badiliko limetoka kwenye mchanga, kwenye chupa iliyokuwa na soda, au kwenye maji kupungua kwa joto. Maji ya bomba yenye klorini yaache siku moja wazi kabla ya kuanza.

Uwiano huu ni mkali kuliko wa tangi, ambako lita moja ya tandiko hukaa na lita sita hivi za maji. Ni makusudi: kosa lijitokeze ndani ya wiki badala ya miezi. Usizibe chupa. Kaboni dioksidi ikinaswa ndani, pH hushuka na chokaa huyeyuka kuliko kawaida. Funika kwa kipande cha chandarua na mpira, la sivyo unafuga mbu.

Pima siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, ukikoroga kabla. Kwa KH tumia mililita 10 za maji badala ya 5 zinazotajwa kwenye maelekezo. Hapo kila tone ni nusu nyuzi (nyuzi ndiyo kizio cha KH) na unaona mabadiliko madogo. Chupa ya mvua ikipanda chini ya nyuzi 1, tandiko ni tulivu kwa matumizi yoyote. Ikipanda 2 au 3, kuna makombe ndani, na linafaa kwa samaki wengi. Ikipita 4, hilo ni tandiko la maji magumu. Kisha tazama chupa ya maji yako: kama yenyewe haikusogea, tandiko halitakusumbua maadamu hubadili chanzo cha maji.

TDS ikiruka siku ya kwanza halafu ikatulia, ni chumvi. Osha tena na urudie. Ikipanda kila siku bila kukoma, kuna kitu kinayeyuka, na kuosha hakutasaidia. Nusa pia. Harufu ya sabuni, marashi au mafuta ya taa ni hukumu ya mwisho, hata kama namba zote ni nzuri. Utando wa rangi za upinde wa mvua unaovutika kama mpira ukiguswa kwa kijiti ni mafuta. Ukikatika vipande vipande kama kioo chembamba, aghalabu ni chuma na bakteria, hauna neno.

Tandiko lililofaulu linaweza kupewa mtihani wa mwisho kwa konokono wawili watatu wa tangini, siku tatu ndani ya chupa ya maji yako. Konokono hawavumilii shaba hata kidogo, na dawa ya matone haitakuonyesha shaba. Chukua wa kwenye tangi la mtu, usichote bwawani: konokono wa mabwawa ya pwani wanaweza kubeba kichocho.

Vitu vyenyewe

Mchanga wa kuchujia bwawa la kuogelea ndio chaguo tunaloliweka juu ya mengine yote. Malindi ina hoteli na nyumba nyingi zenye mabwawa, kwa hiyo magunia yake yanapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mabwawa. Ni kwatzi iliyochekechwa, punje za milimita 0.4 hadi 0.8, safi karibu kama ilivyo. Mchanga uliotolewa kwenye chujio la zamani hutolewa bure, lakini umekaa miaka ukinywa mafuta ya kujipaka na kujivika magamba ya chokaa. Unaweza kuokolewa, baada ya vipimo vyote viwili.

Mchanga mweusi unaoonekana kwa michirizi upande wa Mambrui unapendeza sana chini ya taa. Uzito wake na weusi wake unatokana na madini ya chuma na titani, ambayo hayayeyuki. Tatizo ni la kimashine. Rota ya pampu ya tangi, ile sehemu inayozunguka, ni sumaku. Punje zenye chuma huvutwa, zikajipanga kuizunguka, zikaikwangua hadi pampu ianze kupiga kelele na kukwama. Pitisha sumaku ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mchanga mkavu. Ikitoka na ndevu, weka mchanga huo kwenye tangi lisilo na pampu tu. Ulanga, zile chembe bapa zinazometameta kama dhahabu, hauna madhara kwa maji, ila huelea siku kadhaa kila mara tandiko likivurugwa.

Mahali unapochota pana sheria. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuondoa hata kombe. Na vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji ya visima vya mji wa Lamu. Mchanga wa pale uache.

Vigae vya udongo vya kuezekea, vile vya nyumba za zamani, vikipondwa hutoa tandiko zuri kwa mimea: ni vyepesi, vina matundu, na havibadilishi maji. Loweka kipande usiku kucha kisha kisugue kwa kidole gumba. Kikitoa tope, hakikuiva tanuruni na kitarudi kuwa udongo. Kataa kilichopakwa rangi, chenye mng'ao wa kioo (huenda una risasi), au chenye saruji. Saruji mbichi hupandisha pH hadi 12 na kuendelea. Ponda ndani ya gunia lililoloweshwa, miwani usoni, maana vumbi lake si la kuvuta. Ncha zake ni kali, kwa hiyo samaki wanaochimbua chini, kama koridora, wasiwekwe juu yake. Chungu cha kupikia kisitumike, kimeshanyonya mafuta. Mtungi wa maji unafaa, ila ule utando mweupe wa ndani ni chokaa.

Mchanga wa choo cha paka uko wa aina tatu, na mfuko hausemi ukweli wote. Unaogandamana ni bentonaiti: tia kijiko kimoja ndani ya glasi ya maji na baada ya saa moja una uji. Ukifika tangini hautoki. Fuwele nyeupe ni jeli ya silika, nazo achana nazo. Wa tatu ni udongo uliochomwa, usio na harufu, usiogandamana, na ukikaa kwenye maji siku nzima punje zinabaki punje. Huo unafaa, ila una tabia moja: siku za mwanzo hunyonya kaboneti na KH hushuka. Kwenye maji magumu hilo ni jambo dogo. Kwenye maji ya mvua pH inaweza kuporomoka usiku mmoja, kwa hiyo badili maji mara kwa mara hadi KH itulie kabla ya kuleta samaki.

Tope la mikoko linawavuta wengi Lamu, kaunti yenye mikoko mingi kuliko zote Kenya, kwa sababu ni jeusi, linanata na linaonekana limejaa rutuba. Ni mtego mbaya kuliko mchanga wa matumbawe, tena kwa upande wa pili. Lina madini ya chuma na salfa ambayo yakiwa chini ya maji yametulia. Ukilianika ili "kuliua wadudu," yanakutana na hewa na kuzaa asidi ya salfuriki. pH huweza kushuka chini ya 4. Ukilitia bichi, linatoa gesi ya mayai viza. Hakuna namna ya kulitumia.

Udongo wa shamba, kinyume chake, unaweza kulazwa chini ya mchanga kwa ajili ya mizizi: sentimita 2 hadi 3 za udongo uliochekechwa, kisha kimo hichohicho cha mchanga juu. Uwe wa mahali pasipotiwa samadi wala mbolea ya dukani. Utatoa amonia kwa wiki kadhaa. Panda mimea, subiri hadi amonia isomeke sifuri kwa wiki nzima, ndipo samaki waingie.

Gololi ni salama na hazina faida, chakula huzama katikati yake na kuoza. Mkaa huelea, na majivu yake ni magadi. Kokoto za terazo ni marumaru, na marumaru ni chokaa iliyovaa suti.

Punje na kuosha

Punje chini ya nusu milimita hushikana, maji hayapiti, na bakteria wasiohitaji hewa huanza kutengeneza haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza na sumu kwa samaki. Mchanga wa ufuoni ambao haukuoshwa vizuri huizidisha, kwa sababu chumvi ya bahari inaleta salfeti, ambayo ndiyo chakula cha bakteria hao. Chekecha kwa chekeche la unga na utupe kinachopita. Kinachobaki, kichekeche tena kwa wavu wa dirisha wa kuzuia mbu: kinachopita hapo kinafaa kwa tandiko la kawaida, na kinachokwama juu kinafaa kulazwa chini ya mizizi. Mchanga laini usizidi kimo cha sentimita 3. Wenye punje za milimita 1 hadi 3 unaweza kufika 7 nyuma ya tangi.

Osha kidogo kidogo. Robo ndoo ya mchanga, maji hadi nusu, koroga kwa mkono hadi chini, hesabu hadi tano punje zizame, mwaga maji machafu. Rudia hadi uone chini ya ndoo kupitia maji yaliyosimama. Kwa mchanga wa mto inaweza kuwa mara 15. Maji ya kuoshea ya mwanzo yanaweza kuwa ya chumvi kidogo, ila mara tatu za mwisho ziwe za maji baridi. Anika juani juu ya turubai, siku mbili, ukigeuza. Usichome mawe motoni ili kuua vijidudu, jiwe lenye unyevu ndani hupasuka.

Tandaza tangi likiwa tupu na mahali pake pa kudumu. Lile la sentimita 60 lenye kimo cha 36, likijaa, linazidi kilo 70 bila kuhesabu kioo, na kulisogeza huvunja maungio. Weka sahani juu ya mchanga na mimina maji juu ya sahani. Pima KH na TDS siku hiyo, kisha kila wiki kwa mwezi mmoja. Kwa joto la Malindi maji hupungua haraka, na yanayoondoka ni maji tu, chumvi na chokaa hubaki. Kwa hiyo namba zikipanda polepole, usiulaumu mchanga kabla ya kuuliza unajaziaje: pengo la kila siku lijazwe kwa maji ya mvua, na maji ya kisima yabaki kwa ile siku ya kubadili maji.